Edgar Codd, rubani wa vita aliyepanga data za dunia katika majedwali

Mama muuza samaki wa Goma anapotuma dola 50 kwa simu kwa mletaji wake wa Bukavu, kuna mambo yasiyopungua matatu yanayopaswa kuandikwa ndani ya seva kwa mara moja. Salio la mama lipungue. Salio la yule wa Bukavu liongezeke. Na kitabu cha malipo kipate mstari mpya, pamoja na makato. Umeme ukikatika baada ya jambo la kwanza na kabla ya la pili, dola 50 zimetoka kwa mmoja na hazikufika kwa mwingine. Watu wawili wataanza kugombana, na mashini itasema wote wawili wanasema kweli.

Ili ugomvi huo usitokee, wataalamu walilazimika kwanza kukubaliana namna ya kupanga data ndani ya kompyuta, ama ordinatere kama tunavyosema wengi huku Mashariki. Aliyeleta mpango huo ni Edgar Frank Codd, Mwingereza aliyekuwa rubani wa vita, kisha muuza nguo, kisha mwalimu wa hesabu. Kwa miaka mingi wakubwa wa kampuni yake mwenyewe hawakutaka kusikia alichokuwa akiwaambia.

Codd alizaliwa mwezi wa nane 1923 katika kisiwa cha Portland, kusini mwa Uingereza, mahali panapojulikana kwa machimbo ya mawe ya kujengea. Alikuwa kitinda mimba katika nyumba ya watoto saba. Baba yake alikuwa na kazi ya kutengeneza ngozi, mama yake alikuwa mwalimu wa shule. Alipata nafasi ya kusoma bila malipo Oxford, akaanza na kemia. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imewaka. Kama mwanafunzi angeweza kuomba asiende jeshini, lakini alijiandikisha kwa hiari katika jeshi la anga, akarusha ndege za Sunderland, zile kubwa zinazotua juu ya maji, ambazo kazi yake ilikuwa kulinda meli na kuwinda nyambizi za Wajerumani. Mafunzo ya kurusha ndege aliyapata Marekani, na nchi ile ikamkaa moyoni.

Alirudi Oxford akabadilisha masomo, akamaliza hesabu mwaka 1948. Mwaka huo huo alivuka bahari kwenda New York. Shahada ya Oxford haikumfungulia mlango mara moja: alianza kwa kuuza nguo za wanaume katika duka kubwa la Macy's. Kisha alifundisha hesabu kwa miezi sita katika chuo kikuu cha Tennessee, na mwaka 1949 IBM ikamchukua kuandika programu.

Kompyuta aliyopewa iliitwa SSEC. Ilikuwa na taa za elektroni zaidi ya 12,000, ilijaza ukumbi mzima, na wapita njia waliweza kuitazama kupitia vioo vya barabarani. Nguvu yote ile ilikuwa ndogo kuliko ya simu ya bei rahisi iliyo mfukoni mwa mwanafunzi wa leo.

Mwaka 1953 Codd aliacha kazi na kuondoka Marekani. Wakati huo seneta Joseph McCarthy alikuwa anawasaka watu waliodhaniwa kuwa wakomunisti, na wengi walipoteza kazi kwa tuhuma tupu. Codd hakuwa ametuhumiwa kwa lolote. Alichukizwa tu, akahamia Ottawa, Canada. Alirudi IBM mwaka 1957. Tunalitaja hili kwa sababu linaonyesha tabia ya mtu: akiona jambo haliko sawa, hakuwa mtu wa kunyamaza ili apate mkate wake kwa amani. Tabia hiyo itaonekana tena.

Aliporudi aliingizwa katika kazi ya STRETCH, kompyuta ambayo IBM ilitaka iwe yenye nguvu kupita zote. Hapo ndipo alipokutana uso kwa uso na tatizo la kumbukumbu, yaani ile sehemu ya mashini inayoshika vitu wakati kazi inaendelea. Enzi ile kumbukumbu ilikuwa pete ndogo za sumaku zilizofumwa kwa nyaya, na bei yake ilikuwa ya kutisha. Kompyuta nyingi zilifanya programu moja tu kwa wakati mmoja. Programu ikisubiri karatasi isomwe, mashini nzima inakaa bure. Codd na wenzake walitafuta njia ya kuweka programu kadhaa pamoja katika kumbukumbu moja, kila moja ikiwa na sehemu yake, bila mmoja kula shamba la jirani. Kila seva ya leo inafanya kazi hiyo. Mtaalamu anapoona ujumbe kwamba kumbukumbu imekwisha, mara nyingi maana yake ni kwamba kazi moja imetaka kumeza sehemu ya wote.

Kisha alirudi shule akiwa mtu mzima. Kwa msaada wa IBM alipata udaktari katika chuo kikuu cha Michigan mwaka 1965. Alichunguza mashini za kufikirika zinazoweza kujizalisha zenyewe, jambo lililoanzishwa na John von Neumann. Mpango wa von Neumann ulihitaji hali 29 kwa kila seli. Codd alionyesha kwamba 8 zinatosha. Hata hapa alikuwa anapunguza vitu hadi vibaki vile tu vinavyohitajika.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa San Jose, California, katika maabara ya IBM. Alichokikuta pale kilimshangaza. Kampuni kubwa zilikuwa zimeanza kuhifadhi data nyingi ndani ya kompyuta, na IBM ilikuwa inauza mfumo unaoitwa IMS, uliotokana na kazi za safari za Apollo za kwenda mwezini. Katika IMS data zilipangwa kama mti: shina, matawi, vitawi. Ili kupata habari moja, mwandishi wa programu alipaswa kujua njia yote, kuanzia shina hadi jani.

Anayejua depo zetu atalielewa hili mara moja. Kuna depo ambayo mtunzaji wake mzee peke yake ndiye anajua gunia la sukari la mteja fulani liko nyuma ya saruji, chini ya mafuta. Siku akiwa mgonjwa, biashara inasimama. Na siku mwenye depo akiamua kuhamisha mafuta upande wa pili, maelezo yote ya mzee yanakuwa bure. Hivyo ndivyo ilivyokuwa: kampuni ikibadilisha namna ya kupanga data kidogo tu, programu zilizoandikwa kwa miezi zilivunjika.

Codd alisema haipaswi mtu anayeuliza swali kujua gunia liko wapi. Aseme anataka nini, mashini itafute yenyewe. Aliandika wazo hilo kwanza katika ripoti ya ndani ya IBM mwaka 1969, kisha mwezi wa sita 1970 likatoka katika jarida la chama cha wataalamu wa kompyuta cha Marekani. Makala yenyewe haikuwa ndefu, ila ilijaa hesabu za kiwango cha juu, na wengi waliipita.

Wazo lake lilikuwa jedwali. Kila aina ya kitu ina jedwali lake. Kila mstari ni kitu kimoja. Kila safu ni sifa moja. Mstari mmoja unatambulishwa na ufunguo, kwa mfano namba ya mteja. Jedwali moja linaunganishwa na lingine kwa namba hiyo tu. Hakuna njia za siri, hakuna matawi. Kila mwalimu aliyewahi kuchora kaye ya matokeo ya wanafunzi anajua jedwali ni nini. Kipya ni kwamba Codd alileta hesabu kamili ya namna ya kukata majedwali, kuyaunganisha na kuyachuja, hata jibu la swali likawa jedwali jingine.

Halafu aliona hatari ambayo hadi leo inawalaza watu macho. Chukua muuza jumla mwenye wateja na maagizo. Akiandika namba ya simu ya mteja kwenye kila agizo, mteja mwenye maagizo 300 ana namba yake mara 300. Siku anabadilisha simu, mistari 300 inapaswa kubadilishwa. Ikisahaulika mmoja, ghala lina ukweli wawili, na hakuna mashini inayoweza kujua upi ni upi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Codd aliandika kanuni za kupanga majedwali ili jambo hilo lisiwepo: namba ya simu ikae mahali pamoja tu, kwenye jedwali la wateja, na agizo libebe namba ya mteja peke yake. Wanafunzi wa chuo hujifunza kanuni hizo kwa kulalamika. Baadaye, wakiwa kazini, wanakuja kuzielewa siku ile mteja anapigiwa simu kwenye namba ya zamani na mzigo wake unaoza barabarani.

Ndani ya IBM, mambo hayakwenda. IMS ilikuwa inaingiza pesa nyingi, na nani anataka kuua ng'ombe anayetoa maziwa? Wapinzani walikuwa pia na hoja ya kweli: majedwali ya Codd yangekula nguvu ya kompyuta na kumbukumbu kiasi kwamba mfumo ungekuwa mwepesi kwenye karatasi na mzito kwenye mashini. Codd hakunyamaza. Aliendelea kuandika, na alizungumza moja kwa moja na wateja wa IBM, jambo lisilowafurahisha wakubwa wake. Mwaka 1974, Ann Arbor, alisimama mbele ya wataalamu kujadiliana na Charles Bachman, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amepewa tuzo ya Turing, tuzo kubwa kuliko zote za kompyuta, kwa kazi yake juu ya mifumo ya kufuata njia. Wafuasi wa pande zote mbili walikuwa ukumbini.

Wakati huo IBM ilikuwa imekubali kujaribu. Maabara ya San Jose ilianzisha kazi iliyoitwa System R, na Berkeley, si mbali na pale, Michael Stonebraker na Eugene Wong walianza yao, Ingres. Katika System R, Donald Chamberlin na Raymond Boyce walitunga lugha ya kuuliza maswali ambayo leo inaitwa SQL. Jim Gray alishughulikia lile jambo la mama wa Goma: mabadiliko yanayogusa majedwali kadhaa yafungwe pamoja kama furushi moja, yafanyike yote au lisifanyike hata moja, na kila hatua iandikwe kwanza kwenye daftari la pembeni ili umeme ukirudi mashini ijue ilifikia wapi. Gray alipata tuzo ya Turing mwaka 1998. Si haki kumpa Codd sifa ya kazi hiyo. Lakini kazi yenyewe ilijengwa juu ya majedwali yake.

Na hoja ya kumbukumbu? Hapa inafaa tukae kidogo, kwa sababu ndipo wataalamu wetu wanapoumia.

Tuseme kuna wateja 10,000 na maagizo 100,000. Ukiunganisha majedwali hayo mawili bila kusema yanaungana kwa safu ipi, mashini itachukua kila mteja na kila agizo: jozi bilioni 1. Hakuna seva ndogo ya hapa kwetu itakayobeba hiyo. Itajaza kumbukumbu, itaanza kuandika kwenye diski, itapunguza mwendo, halafu itaanguka. Mwaka 1979 Patricia Selinger na wenzake wa System R walieleza namna ya kuifanya mashini yenyewe ichague njia: ipime gharama ya njia mbalimbali, ichuje kwanza ili kibaki kidogo, ndipo iunganishe. Jibu hilo ndilo lililovunja hoja ya wapinzani wa Codd. Swali lilibaki la mtu, njia ikawa ya mashini, kama alivyotaka.

Kwa hiyo, badiliko la majedwali mengi linapoangusha seva, kununua kumbukumbu zaidi kusiwe wazo la kwanza. Mara nyingi kosa liko kwenye swali: sharti la kuunganisha limesahauliwa, au safu ya kuungana haina faharasa, yaani ile orodha inayosaidia kufika mahali haraka kama ilivyo nyuma ya kitabu. Mafundi wazuri huanza kwa kuuliza tu, bila kubadilisha kitu, kwa masharti yale yale, waone ni mistari mingapi itaguswa. Kama walitegemea 300 na mashini inasema 3,000,000, wameshapata ugonjwa. Wanaweza pia kuiambia mashini iwaonyeshe njia iliyochagua kabla ya kuifuata. Kama kazi yenyewe kweli ni kubwa, wanaikata vipande vya mistari elfu chache, kila kipande kikiwa furushi lake linalokamilika, kwa maana furushi moja kubwa mno linafungia wengine milango na kujaza lile daftari la pembeni. Lakini wanakata penye maungio: pesa iliyotoka na pesa iliyoingia hazitenganishwi kamwe.

Turudi kwa mwenyewe. Aliyefaidika kwanza sokoni hakuwa IBM. Larry Ellison na wenzake walisoma yale yaliyochapishwa kuhusu System R, na mwaka 1979 wakaanza kuuza Oracle, kabla IBM haijaweka sokoni mfumo wake wa SQL. IBM ilifuata mwaka 1981, kisha ikaja na DB2 mwaka 1983. Mwaka 1981 Codd alipewa tuzo ya Turing. Pesa zilienda kwa wengine.

Alipaswa kufurahi, lakini hakufurahi sana. SQL ilikuwa imekubali mambo aliyoyakataa, kama mistari miwili inayofanana kabisa ndani ya jedwali moja. Aliondoka IBM mwaka 1984 na kuanza kazi ya ushauri pamoja na rafiki yake Chris Date. Kila muuzaji sasa alikuwa anabandika neno la Codd juu ya bidhaa yake, hata kama ndani ilikuwa ile ile ya zamani. Mwaka 1985 alitoa kanuni kumi na mbili za kumpima nani anasema kweli. Kanuni moja ilitaka mtu aweze kubadilisha kundi zima la mistari kwa amri moja. Nyingine ilikuwa ngumu zaidi: ilihusu majedwali ya kuonekana, yale yasiyohifadhiwa bali yanajengwa kutoka majedwali mengine kila yanapoulizwa. Codd alitaka kila jedwali la namna hiyo linaloweza kubadilishwa kwa hesabu liweze kubadilishwa na mfumo wenyewe, na badiliko lishuke hadi kwenye majedwali ya chini. Mifumo inayotumiwa sana imefanya sehemu tu ya hilo. Fundi anayejaribu kubadilisha jedwali la kuonekana lililotoka kwa mengine matatu, akakataliwa, amegonga ukuta ambao Codd aliuonyesha mwaka ule.

Uzee wake haukukosa doa. Mwaka 1993 alitoa maandishi kuhusu mifumo ya kuchambua hesabu za kampuni, na ikajulikana kwamba kampuni iliyokuwa inauza mfumo wa namna hiyo ndiyo iliyogharamia. Gazeti lililochapisha likajitenga na makala hiyo. Kwa mtu aliyeacha nchi kwa sababu ya dhamiri, na ambaye miaka minane kabla alikuwa hakimu wa wauzaji, hili liliwaumiza waliomheshimu. Kitabu chake kikubwa cha mwaka 1990, chenye masharti 333 kwa anayetaka kujenga mfumo kamili, hakikupata mjenzi wa kukifuata chote.

Edgar Codd alifariki tarehe 18 mwezi wa nne 2003 nyumbani kwake Florida, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 79. Mwaka uliofuata, tuzo ambayo chama cha wataalamu wa kompyuta hutoa kwa wavumbuzi wa mifumo ya data ilipewa jina lake.